Bunia: kamio inayokataa kuwaka ikiwa na moto, ipimwe mbele ya kupoa

Asubuhi inawaka mara moja. Inapakia, inaingia barabarani, inafika. Shofere anazima motere dakika kumi tu, ili kushusha muzigo ao kuonyesha karatasi kwenye barieri. Akirudisha kontakti, kamio haiwaki. Kisha saa moja ao mbili, wakati motere imepoa, inawaka tena sawa vile hakuna kitu kilitokea.

Katika magaraji ya muji wa Bunia, provensi ya Ituri, ugonjwa huo wa kamio za mukono wa pili unajulikana. Unajulikana pia kwa kumaliza pesa: mwenye kamio ananunua demarere, kisha batri, kisha anafungua pompa, na siku ya tatu shofere anapiga simu kutoka barabarani kusema kamio imekataa tena.

Shida kubwa ni kwamba mgonjwa anafika kwa munganga homa ikiwa imekwisha. Kamio inakataa kuwaka ikiwa na moto, lakini mara nyingi inafika garaji ikiwa imepoa. Fundi anageuza ufunguo, motere inawaka, na kuanzia pale anabaki kukisia. Dalili zote zilionekana barabarani, na shofere peke yake ndiye aliziona. Kama hakujua mambo ya kuangalia, zimepotea pamoja na moto wa motere.

Barabara ambako kusimama ni hatari

Kwa muji mwingine, kamio iliyokataa kuwaka ni hasara ya wakati. Kwa Ituri, inaweza kuwa hasara ya maisha. Provensi hii iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021 kwa sababu ya makundi yenye silaha, na barabara zake kubwa ndizo zinalisha Bunia.

Barabara ya taifa nambari 27 inatoka Bunia na kupita teritware ya Djugu mpaka Mahagi, kwenye mupaka wa Uganda. Upande wa kusini-magharibi, kuko Komanda, kilometa karibu 75, na kutoka pale barabara ya taifa nambari 4 inashuka kuelekea Luna, Eringeti na Beni. Tarehe 1 Septemba 2021, msafara wa magari uliosindikizwa na jeshi ulishambuliwa karibu na Ofay, kati ya Komanda na Luna. Watu waliuawa, magari yalichomwa, na wasafiri wengi walitekwa. Tangu wakati huo hakuna shofere wa njia hiyo asiyejua maana ya kubaki nyuma ya msafara.

Ndiyo sababu mashofere wenye kamio ya namna hiyo wanaacha motere izunguke siku nzima. Hawazimi kwenye barieri, hawazimi wakati wa kupakia, hawazimi wakati wa kula. Motere kubwa ya mazuti ikizunguka bila kutembea inakula lita 2 hadi 3 kwa saa. Kamio ikisubiri saa nne kila siku, ni lita 8 hadi 12 zinazochomwa bila kusogea hata metre moja. Kwa mwezi mmoja, pesa hiyo ingeweza kulipa fundi ambaye angepima vizuri.

Njia ya kuelekea ziwa Albert nayo inaonyesha ugonjwa huu haraka. Kasenyi na Tchomia ziko kando ya ziwa, kwenye mita kama 620 juu ya bahari. Bunia iko juu ya mita 1,200. Kamio iliyojaa samaki inapanda zaidi ya mita 600 kupitia Bogoro, ikitumia vitesi vya chini, na motere inafika juu ikiwa na moto kuliko siku nyingine zote. Ikizimwa pale juu, ndipo inakataa.

Ulizo la kwanza: motere inazunguka namna gani?

Mbele ya kufungua kitu chochote, kuko ulizo moja ambalo linagawanya ugonjwa huu katika njia tatu. Ukigeuza ufunguo wakati kamio ina moto, motere inazunguka pole pole, haizunguki kabisa, ao inazunguka kwa nguvu yake ya kawaida lakini haishiki?

Kila jibu linapeleka fundi mahali tofauti. Motere inayozunguka pole pole ina shida ya umeme, ya demarere, ao motere yenyewe imekazana. Ile isiyozunguka kabisa inaomba kuangalia rele, nyaya na solenoidi ya demarere. Ile inayozunguka vizuri bila kushika haina shida ya demarere hata kidogo: inakosa mazuti, ao inakosa kompresio. Mutu anayenunua demarere mupya kwa kamio ya namna hii ya tatu ametupa pesa yake.

Ikizunguka pole pole

Shaba ina tabia moja: ikipata moto, inazuia umeme zaidi. Kutoka digrii 25 mpaka digrii 100, kizuizi hicho kinaongezeka karibu asilimia 30. Demarere imefungwa kando ya motere, mara nyingine karibu na bomba la moshi. Kamio ikizimwa, hewa na maji vinaacha kuzunguka, na moto wote unaingia ndani ya vyuma. Kwa hiyo dakika kumi kisha kuzima, demarere inaweza kuwa na moto kuliko wakati wa kutembea. Demarere yenye nguvu inavumilia. Ile ambayo makaa yake yamekwisha, ao ambayo busi zake zimelika mpaka sehemu inayozunguka inagusa ile iliyosimama, inashindwa.

Lakini mbele ya kuhukumu demarere, ni lazima kuhukumu umeme unaoifikia. Kamio nyingi zinatumia volti 24, maana yake batri mbili za volti 12 zilizofungwa moja kisha nyingine. Kila batri ipimwe peke yake. Batri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, inaonyesha volti 12.6 ao zaidi kidogo. Kama moja inaonyesha 12.6 na ingine 11.9, ile ya pili inavuta mwenzake chini. Wakati wa kuzungusha motere, zote mbili pamoja hazipaswi kushuka chini ya volti 19 hivi.

Kisha unakuja upimaji ambao unachukua dakika mbili tu. Waya mmoja wa kipimo unawekwa kwenye alama ya kutoa ya batri, mwingine kwenye chuma cha motere. Musaidizi anageuza ufunguo. Kama kipimo kinapita nusu volti, umeme unapotea kwenye masi: waya umeoza, bulo imelegea, ao rangi na kutu vinazuia kati ya motere na shasi. Upande wa kuingiza unapimwa vile vile, kutoka batri mpaka kwenye demarere. Kwenye barabara za vumbi na matope za Djugu na Irumu, masi ni mahali pa kuangalia kwanza, kwa sababu kusafisha waya na kukaza bulo hakuombi kununua kitu.

Kama umeme unafika vizuri na demarere bado inazunguka pole pole, kunabaki ulizo moja: motere yenyewe inapata moto kupita kiasi? Juu ya mulima, maji yanachemka mapema. Kwa urefu wa Bunia, maji yasiyofungwa yanachemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Kifuniko cha radiateri ndicho kinashika nguvu ndani na kuzuia maji kuchemka haraka. Kifuniko kikiwa kimelegea, ao radiateri ikiwa imeziba, motere inapata moto kupita kipimo, pistoni zinakazana, na demarere nzima kabisa inaonekana dhaifu. Hapo dawa iko kwenye maji, haiko kwenye umeme.

Ikikaa kimya

Kama ufunguo unageuzwa na hakuna kitu kinazunguka, sikio ndilo kipimo cha kwanza. Mulio mmoja wa «tak» upande wa demarere unamaanisha kwamba amri imefika, lakini umeme mukubwa haupiti: solenoidi imechomeka ndani, ao batri na nyaya hazina nguvu. Kimya kabisa kinamaanisha amri haikufika: rele, fuzibu, kontakti yenyewe, ao waya mwembamba ambao plastiki yake imepasuka kwa moto.

Taa ndogo ya majaribio inatosha. Inawekwa kwenye waya mwembamba wa demarere, na ufunguo unageuzwa. Ikiwaka na demarere inakaa kimya, demarere itolewe. Isipowaka, demarere iachwe mahali pake na fundi arudi nyuma kufuata waya.

Ikizunguka vizuri lakini haishiki

Hii ndiyo sehemu ngumu zaidi, na ndiyo inaogopesha wenye kamio kwa sababu ya bei ya pompa. Mazuti yakipata moto yanakuwa mepesi. Pompa ya enjeksio inafanya kazi kwa vyuma viwili vilivyokaribiana sana, na katika pompa nyingi mazuti yenyewe ndiyo mafuta yake ya kulainisha. Vyuma vikilika, mazuti mazito ya asubuhi bado yanaweza kusukumwa. Mazuti mepesi ya mchana yanatoroka katikati ya vyuma. Wakati motere inatembea, pompa inazunguka mbio na kufunika kasoro hiyo. Wakati wa kuwasha, motere inazunguka pole sana, na nguvu ya kufungua enjektere haifikiwi.

Kwa pompa za zamani za kuzunguka, kuko jaribio ambalo mafundi wengi wanalijua: kupoza pompa peke yake wakati motere yote bado ina moto. Kitambaa kilicholowana kinazungushwa juu ya pompa kwa dakika chache. Kama kamio inawaka mara moja, pompa imejishitaki yenyewe. Lakini ni kitambaa, si ndoo. Maji ya baridi yakimwagwa ghafula juu ya pompa yenye moto, chuma kinaweza kukazana ndani, na pompa iliyokuwa imechoka inakuwa imekufa.

Mbele ya kufikia pompa, mambo mawili ya bei ndogo yanapaswa kuondolewa kwenye orodha. La kwanza ni solenoidi ya kuzima, ile inayofungua njia ya mazuti wakati kontakti imewekwa. Koili yake ikipata moto inaweza kukatika ndani, kisha kuungana tena ikipoa. Kontakti ikiwekwa bila kuzungusha motere, mulio mudogo unapaswa kusikika pale. Ukisikika asubuhi na kukosekana mchana, mwizi amepatikana.

La pili ni hewa. Mupira wa mazuti uliopasuka kidogo, ao filtri isiyofungwa vizuri, unaweza kuingiza hewa kila mara motere ikizimwa, na mazuti yanarudi kwenye tanki. Shofere apige pompa ya mukono iliyo karibu na filtri. Kama anapiga mara nyingi mbele ya kusikia ugumu, na kisha kamio inawaka, hewa ndiyo inaingia. Mupira na viringi vya kubana ni vya bei ndogo mbele ya pompa.

Kama mazuti yanafika na nguvu inapatikana, fundi apime supapa. Nafasi ya supapa ikifungwa kupita kiasi, vyuma vikitanuka kwa moto supapa hazifungi tena vizuri, na kompresio inatoroka. Asubuhi kila kitu kinaonekana sawa. Kurekebisha supapa ni kazi ya ufunguo na kipimo chembamba, si ya kununua motere.

Kamio za kompyuta

Kamio za mukono wa pili zinafika Ituri kwa wingi kupitia Uganda: kutoka Mombasa mpaka Kampala, kisha Goli na Mahagi, ao Vurra na Aru. Kati yao kuko zile za zamani zenye pompa ya kawaida, na zile za kisasa ambazo kompyuta ndiyo inaamuru mazuti. Dalili ni moja, lakini njia ya kupima inabadilika.

Kwa kamio ya kompyuta, shofere aangalie kwanza sindano ya mizunguko ya motere kwenye tablo wakati anazungusha. Kama motere inazunguka na sindano inabaki kwenye sufuri, sensa ya mizunguko inashukiwa. Sensa hiyo ikichoka inakufa kwa moto na kufufuka kwa baridi. Ni kitu kidogo kama kidole, lakini bila alama yake kompyuta hairuhusu mazuti kutoka. Sindano ikipanda vizuri, skana isomwe ikiwa kamio bado ina moto, ili kuona nguvu ya mazuti kwenye reli wakati wa kuwasha. Enjektere zilizochoka zinarudisha mazuti mengi nyuma, na chupa za plastiki zilizowekwa kwenye mipira ya kurudisha zinaonyesha ni ipi inarudisha kuliko zingine.

Kwenye motere hizi ni marufuku kulegeza mabomba ya enjektere ili kutazama kama mazuti yanatoka, namna ilivyofanywa kwenye motere za zamani. Nguvu ndani ya mabomba hayo inapita bari elfu moja. Mazuti yanayotoka hapo yanatoboa ngozi ya mutu.

Mazuti ya kando ya barabara

Pompa haziliki bila sababu. Bunia inapata mafuta yake kutoka Uganda, na sehemu ya mafuta hayo inauzwa kwa bidoni na chupa na wauzaji wa kando ya barabara, wale wanaoitwa Kadhafi. Wanasaidia wengi pale ambapo stasio haziko. Lakini bidoni ambayo jana ilibeba maji, ao mazuti yaliyochanganywa na petroli ya taa, ni sumu kwa pompa. Maji yanaleta kutu. Petroli ya taa ni nyepesi na haina ulaini wa kutosha kulinda vyuma.

Kwa hiyo pompa mupya ikifungwa bila kusafisha tanki, bila kubadilisha filtri na bila kutoa maji kwenye chombo cha kutenga maji, safari ya kwenda kununua pompa ingine imekwisha kuanza. Kwa mwenye kukosa stasio njiani, mazuti yachujwe kwa kitambaa kisafi na yaachwe kutulia ndani ya bidoni mbele ya kumwagwa. Uchujaji huo hauondoi petroli ya taa, lakini unapunguza maji na uchafu.

Mambo ambayo yameua watu

Kamio ikikataa kati ya barabara, haraka inaleta mawazo mabaya. Kuunganisha demarere kwa bisibisi kutoka chini ya kamio kumeua watu mahali pengi: kama vitesi vimebaki ndani, kamio inaruka na kumukanyaga aliye chini. Kufungua kifuniko cha radiateri yenye moto kunachoma uso na mikono. Kupuliza eta kwenye njia ya hewa ya motere yenye moto kunaweza kulipuka mbele ya wakati na kuvunja pistoni. Na kuzungusha demarere dakika nzima bila kupumzika kunaichoma: sekunde 10 hadi 15 zinatosha, kisha kungoja dakika moja ao mbili.

Mashofere wengi wanachagua kuegesha kwenye muteremuko ili kamio ijiwashe kwa kushuka. Inasaidia, lakini bila motere breki za hewa hazijazwi tena na usukani unakuwa muzito. Kamio iliyopakia juu ya muteremuko wa Bogoro si mahali pa kujaribu. Jiwe kubwa nyuma ya magurudumu, na konvuayeri aliye macho, ni lazima kila mara kamio inaposimama.

Mbele ya kutoa pesa

Mununuzi anayetafuta kamio ya mukono wa pili anaweza kuepuka ugonjwa huu kwa nusu siku ya subira. Kama anafika na kukuta motere tayari inazunguka, aombe izimwe. Aweke mukono karibu na motere: kama ilikwisha kupata moto mbele ya yeye kufika, aulize kwa nini. Vizuri zaidi, arudi asubuhi mapema, aone inawaka ikiwa baridi, kisha aiendeshe kwa muda wa saa moja, ikiwezekana na muzigo na kwenye mulima. Aizime dakika kumi na tano, aiwashe. Afanye vile mara tatu. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amejibu ulizo.

Kwa yule ambaye tayari ana kamio, kazi inaanza na shofere. Kijitabu kidogo ndani ya kabini kinatosha. Kila mara kamio inapokataa, aandike: motere ilizunguka namna gani, sindano ya maji ilikuwa wapi, sindano ya mizunguko ilipanda ao hapana, mulio ulisikika ao hapana, pompa ya mukono ilikuwa ngumu ao laini, mazuti yalinunuliwa wapi, na ilichukua dakika ngapi mpaka kuwaka tena.

Na siku ya kwenda garaji, kamio isilale pale usiku ikingoja fundi wa asubuhi. Ifike kutoka barabarani, ikiwa na moto, na fundi awe tayari na kipimo cha volti, taa ya majaribio na kitambaa cha maji. Azime mwenyewe, angoje dakika kumi, kisha ageuze ufunguo. Kamio ikikataa mbele ya macho yake, atakuwa na jambo la kupima, na mwenye kamio atajua anachonunua.